Mapenzi ya kukatazwa kwenye hadithi: katazo liwe na mwenyewe (uzi wa waandishi wa Kusini)

Nahodha_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Mtwara na Lindi, salaam. Leo tulichambue jambo moja kwa kina: mapenzi ya kukatazwa kama chanzo cha mgogoro katika hadithi. Visa vya namna hii tunaviandika sana, na vingi vinakufa kifo kimoja. Wawili wanapendana, wazazi wanakataa, wawili wanalia, mmoja anatoroka au anakunywa sumu. Msomaji anamaliza hajui wazazi walikataa kwa nini hasa, wala nani angeumia kama wangekubali.

Hoja yangu ni hii: katazo liwe na mwenyewe. Awe mtu mmoja mwenye jina na sura, anayempenda mhusika mkuu kwa dhati, na mwenye sababu ambayo msomaji akiisikia atasema hata mimi ningekataa. "Jamii" haiwezi kugonga mlango saa mbili usiku. Mjomba anaweza.

Nitatumia mfano mmoja ili tusielee. Kijiji cha kubuni wilayani Newala, juu uwandani. Somoe ana miaka 24, Shaibu 27. Mama zao ni dada wa tumbo moja. Shaibu kakulia Lindi mjini, hawakuonana tangu utotoni, na sasa amekuja kusimamia mikorosho ya bibi yao kwa msimu mmoja.

Hapa Kusini tuna utajiri ambao tunaupita bila kuuokota: makatazo yanayopishana. Dini ya Kiislamu haikatazi watoto wa dada wawili kuoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 14, inawataja wasioruhusiwa kuoana: wazazi, watoto, babu na bibi, wajukuu, ndugu, shangazi, mjomba, wapwa, binamu hawamo. Lakini kwa koo zinazofuata upande wa mama, kama ilivyo asili ya Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, watoto wa dada wawili hawaitwi binamu kabisa. Ni ndugu. Mama mdogo ni mama. Na hapohapo mtoto wa mjomba, ambaye kwa damu yuko umbali uleule, anaitwa "mke wangu" mbele za watu na watu wanacheka.

Basi Shaibu angemtania binti wa mjomba mchana kweupe, asubuhi mpaka jioni, na hakuna ambaye angegeuka. Kwa Somoe, hawezi hata kusifia chakula mara mbili. Hadithi imeshaanza na hatujaandika neno la mapenzi.

Tazama tena wenye mamlaka. Kwa mila, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Kwa fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mjomba si walii, yaani si msimamizi wa kumwozesha binti. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa upande huo. Kwa hiyo baba wa Somoe anaweza kutamka ndiyo na ndoa ikasihi, huku mjomba akitamka hapana na ukoo mzima ukahama upande wake. Hao wanaume wawili wanaheshimiana, wamezikana, wamekopeshana mbegu. Sasa wote wawili wana haki.

Vipimo ninavyovishauri kwa hadithi fupi ya maneno 3,000. Katazo lionekane ndani ya maneno 300 ya kwanza, na lionekane kwa tendo. Bibi anasema: "Huyu kaka yako, mpakulie." Imetosha, usieleze ukoo. Mjomba aonekane mara tatu kwa mpangilio huu: mara ya kwanza anafanya wema, mara ya pili anakuwa sahihi juu ya jambo jingine kabisa (bei, mvua, ugonjwa wa mkorosho), mara ya tatu ndipo anakataa. Ukimleta kwa mara ya kwanza akiwa anakataa, msomaji ataona ukuta, na kwa ukuta mtu hutafuta mlango tu, haumii.

Na bei ya kuvunja katazo ilipwe na mtu wa tatu asiye na kosa. Hapa ni mama zao wawili, ambao wanapika kwenye meko moja kila msiba. Wakiacha kupika pamoja, kijiji kizima kitajua kwa nini.

Karibuni tupinge na kujenga.

Bi_DotiMoja

Nahodha, umeanza pazuri. Naongeza kipimo ambacho lugha yetu inakitoa bure: namna ya kuitana.

Mvuto wa siri haupimwi kwa busu. Unapimwa kwa jina. Somoe anamwita Shaibu "kaka" kuanzia mwanzo wa kisa. Kila "kaka" ni tofali kwenye ukuta. Halafu siku moja analimeza. Hamwiti kwa jina bado, anaanza tu kusema bila kumwita: "Maji haya hapa." Bibi, aliyekaa kibarazani anachambua dengu, anainua macho. Hakuna kilichotokea na kila kitu kimetokea. Kurasa kadhaa baadaye ndipo litoke jina "Shaibu", likiwa tupu, mara moja tu. Ukilitaja mara tano umelimwaga.

Kinyume chake kina nguvu kuliko hata hicho. Wakishakamatwa, mbele ya mjomba, Somoe aseme "kaka" tena. Neno lilelile la mwanzo. Hapo ndipo msomaji anaumia, kwa sababu anajua linaficha nini.

Nashauri ngazi hizi, na usiruke hata moja: jicho, kitu, uongo mdogo wa pamoja, jina, mguso, ahadi. Wengi wanaruka "uongo mdogo wa pamoja", na ndio ngazi yenye thamani. Bibi anauliza nani kafunga mbuzi vibaya, mbuzi kala mahindi. Ni Shaibu. Somoe anajibu: "Mimi, bibi." Tangu dakika hiyo wana deni la siri, na siri ikishakuwepo mvuto una mahali pa kukaa.

Kwa upande wa kitu, msitumie barua wala ua. Tumieni kanga. Doti ni vipande viwili vilivyoungana, vinauzwa havijakatwa, lazima vikatwe na kupindwa kingo. Shaibu ananunua doti sokoni Newala, anamletea bibi kipande kimoja kama zawadi ya mjukuu. Kipande cha pili kiko wapi? Fundi cherehani aliyepinda kingo anajua vilikuwa viwili. Huna haja ya mmbea kuchungulia dirishani, ushahidi umeshonwa.

SalfaYaAlfajiri

Bi Doti, hapo kwenye kitu nina cha kuongeza kutoka shambani, maana mfano wenyewe ni wa korosho na hadithi nyingi zinautaja mkorosho kama kivuli cha kukalia tu.

Mkorosho unapochanua, kuanzia kama Juni na kuendelea, adui ni ubwiriubwiri. Ukungu mweupe unakaa kwenye maua na majani machanga, maua yanakauka, korosho hazishiki. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, ile ya njano inayokuja kwenye mifuko ya kilo 25, inapulizwa kwa mashine ya mgongoni. Inapulizwa alfajiri kwa sababu mbili: umande bado upo kwenye majani kwa hiyo unga unashika, na upepo umelala kwa hiyo hauendi kwa jirani. Jua likishapanda kazi imekwisha. Inarudiwa kila baada ya wiki mbili hivi mpaka korosho zishike.

Kwa mwandishi hii ni ratiba ya dhahabu. Una sababu halali ya watu wawili kuwa shambani gizani, mara kadhaa ndani ya msimu, na kila mara kwa saa mbili tu. Mmoja anapuliza, mwingine anajaza unga kwenye tangi. Mashine inanguruma, hawawezi kuzungumza. Inabidi waelewane kwa mikono. Mashine ikizimwa ghafla, kimya kinachofuata ni kizito kuliko maneno yoyote utakayowapa.

Na salfa haina siri. Inawasha macho, inakaa kwenye nywele, harufu haitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja. Lakini usitumie alama ya mkono wa njano mgongoni mwa kanga, hiyo ni rahisi mno na mtu anajifuta. Tumia fedha. Somoe anavaa bangili ya fedha ya marehemu shangazi. Salfa ikigusana na fedha inaipaka weusi, na haihitaji siku nyingi. Kwa wanavyojua watu, Somoe haendi kupuliza dawa, kazi yake ni kuleta uji jua likishatoka. Basi kwa nini bangili yake inazidi kuwa nyeusi kila baada ya wiki mbili?

Anaisugua kwa majivu kila jioni mpaka inang'aa. Mama yake anagundua kwa sababu hiyo hiyo: bangili iliyokuwa na kutu la miaka imeanza kung'aa kuliko siku ya arusi. Na mjomba ni mkulima wa korosho tangu ujana wake. Yeye akiona fedha nyeusi mkononi mwa mtu asiyepuliza, haulizi swali. Anaangalia tu kalenda ya salfa.

Kijana_wa_Nachingwea

Wakuu, swali. Hivi vyote vizuri, lakini siku hizi kuna simu. Wawili si watachati tu? Katazo linabakia wapi?

Nahodha_Mikindani

Kijana, swali zuri sana, na waandishi wengi wanalikimbia kwa kukata mtandao au kuishiwa chaji. Usifanye hivyo, msomaji anajua umekwepa.

Simu iache iwepo. Simu haiondoi katazo, inaacha nyayo. Shaibu amemhifadhi Somoe kwa jina la "Fundi Mashine". Siku anamtumia shilingi elfu tano ya vocha na nauli, ujumbe wa muamala unarudi na jina kamili alilosajiliwa nalo mpokeaji. Simu iko mezani, mjomba ndiye aliyekaa karibu, anasoma kwa sauti akidhani anamsaidia mpwa wake: "Umetuma shilingi elfu tano kwenda kwa..." Halafu anasita. Sentensi ambayo haikumalizika ndiyo kilele chako kidogo.

Jambo jingine: kuchati kunamaliza hamu kwenye karatasi. Ukiweka kurasa tatu za ujumbe mfupi, umewaruhusu waseme kila kitu, na watu waliosema kila kitu hawana mvuto tena. Toa ujumbe mmoja au miwili katika kisa kizima, na uwe wa jambo la kawaida: "Kesho salfa saa kumi na moja." Msomaji ndiye atakayeujaza.

Ustadh_Mnazimmoja

Assalaam aleikum. Nahodha ameeleza walii sawasawa. Niongeze mambo mawili ya fiqhi ambayo ni hazina kwa mwandishi, na ambayo yakiandikwa kwa kukosea yanaharibu kisa chote mbele ya msomaji anayejua.

La kwanza ni kunyonya. Kwa Kishafi, mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara akiacha mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili ya mwandamo, yule mwanamke ni mama yake na watoto wake wote ni ndugu zake. Ndoa baina yao ni haramu milele. Angalieni mpaka wake: uhusiano unamshika aliyenyonya, haushiki ndugu zake wa kuzaliwa. Yaani kama Shaibu alinyonya kwa mama yake Somoe, Shaibu hawezi kumwoa Somoe, lakini mdogo wake Shaibu ambaye hakunyonya hapo, kwa hukumu hii peke yake hazuiwi. Hebu mwandishi afikirie mdogo mtu huyo akiingia mlangoni wiki ya mwisho wa msimu.

Sasa uzito uko kwenye hesabu. Mara nne si tano. Na kuthibitisha kunataka mashahidi: wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au wanawake wanne. Katika mfano wenu, mama Shaibu aliugua baada ya kujifungua, dada yake akamsaidia kunyonyesha. Walioshuhudia ni wanawake wa nyumba ile. Wanne, mmoja amekwishafariki. Bibi anakumbuka mara tatu kwa hakika, ya nne anaiona kama ndoto, ya tano hana. Baba wa Somoe, aliyekuwa ametoa ndiyo, anakuja kumuuliza mama mkwe wake: "Mama, alinyonya mara ngapi?"

Hapo bibi ameshika mlango wote kwa neno moja. Akisema tano, mjomba anapata alichotaka, tena kwa ulimi wa dini. Akisema tatu, anavunja meko ya binti zake. Na yeye ni mcha Mungu, hawezi kusema uongo, na kumbukumbu imemsaliti. Mwandishi asikimbilie kumpa jibu. Tena ajue kwamba hata ushahidi usipotimia, wanavyuoni wanapendekeza kuacha kwa tahadhari. Kwa hiyo bibi akijibu "Sijui", hiyo nayo ni hukumu ya namna yake, na wote chumbani wanalijua hilo.

La pili ni eda. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi kwa mwandamo, takriban siku 128. Akiwa na mimba, mpaka ajifungue. Ndani ya muda huo hachumbiwi waziwazi, ila kudokeza kumeruhusiwa, kama ilivyo katika Surat Al-Baqara aya ya 235. Hii ni saa ya ukutani kwa kisa chochote cha shemeji na mjane wa kaka yake. Kwa desturi yetu shemeji humtania mke wa kaka kwa miaka, "mke wangu hujambo", na hakuna anayejali. Kaka akifariki, utani ule ule unakuwa mwiba kwa sababu sasa unaweza kuwa kweli. Mwandishi mzuri atamfanya kijana aache utani siku ya mazishi. Majirani watajua kwa kule kunyamaza.

Makosa ninayoyaona: mjane wa kwenye hadithi anatoka kwenda sokoni siku ya ishirini ya eda bila dharura, au anavaa dhahabu na kujipaka manukato. Msomaji wa Lindi atafunga kitabu hapo.

Bi_DotiMoja

Ustadh, Mungu akuzidishie. Hiyo ya bibi na hesabu ya tano imenikaa moyoni.

Neno moja tu kwa wanaotaka kuiandika: mwonyesheni bibi akihesabu kitu kingine mapema. Korosho za mbegu anazopanga tano tano kwenye ungo. Watu waone kwamba hesabu yake huwa haikosei. Kisha ije siku ikose.

Wakili_wa_Visa

Wakuu, kabla uzi haujaenda mbali niweke mpaka. Kuna kundi la visa linaletwa kwa jina la mapenzi ya kukatazwa na si mapenzi: mwalimu na mwanafunzi, au mtu mzima na mwali aliyetoka unyagoni juzi akiwa bado mtoto. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inahesabu tendo na binti chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, hata kama alikubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kumwoa nako ni kosa.

Nasema haya kwa sababu ya sheria, na kwa sababu ya ufundi pia. Mgogoro wa mapenzi ya kukatazwa unasimama pale ambapo wote wawili wana uwezo wa kusema ndiyo na hapana. Mtoto hana uwezo huo, kwa hiyo hakuna mizani, kuna mwindaji na mwindwa. Ukitaka kuandika kisa hicho kiandike kama kisa cha uhalifu, macho ya msomaji yakae kwa binti na kwa waliomwangusha, na mwalimu asipewe hata aya moja ya kupendeza.

Na kuhusu unyago na jando kwa ujumla: yanayofundishwa ndani hayaandikwi hadharani. Mwandishi anaweza kuandika ngoma inayosikika kutoka mbali, mama anayesubiri, sherehe ya kutoka. Kungwi anayejua siri ya mtu ni mhusika mkubwa sana bila kufungua mlango wa ndani.

MlimaWaMasasi

Naafiki mengi, ila namkatalia Nahodha kwenye hoja ya msingi. Si kila katazo lina mtu wa nje. Chukua mtawa. Wabenedikto wapo Ndanda tangu 1906, na mtawa amejifunga mwenyewe kwa nadhiri. Anayempenda ni muuguzi. Hakuna mjomba, hakuna anayegonga mlango. Katazo liko ndani yake. Kwa kanuni yako hadithi hiyo haiwezekani, nami naona ndiyo yenye kina zaidi.

Nahodha_Mikindani

Mlima, nakubali umenibana, na nashukuru. Hapo mwenye katazo ni yeye mwenyewe wa siku ile aliyoapa. Lakini tatizo la ufundi linabaki: katazo la ndani halionekani, na mwandishi anaishia kuandika kurasa za "aliwaza, alijilaumu, aliwaza tena".

Dawa yake ni kengele. Maisha ya monasteri yanaenda kwa saa za sala, na kengele haimngoji mtu. Kila wanapofika kwenye neno, kengele inalia na anapaswa kuinuka. Mara ya kwanza anainuka kabla haijamaliza kulia. Mara ya pili anainuka ikiwa imekwisha. Mara ya tatu anafika kanisani wenzake wameshaanza zaburi, na mzee wa jirani yake anamsogezea kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa sahihi, bila kumtazama. Umempata mwenye katazo tena, na ni mpole. Huyo mzee anatisha kuliko mjomba mwenye fimbo.

MlimaWaMasasi

Hiyo ya kumsogezea kitabu nimeikubali. Nafuta nusu ya upinzani wangu.

Ghala_la_Tandahimba

Mie nataka katazo la aina nyingine ambalo halitajwi kabisa: la kazi na maslahi. Mwaka 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa ili kuwachuja wa kangomba, wale wanaowanunulia wakulima kwa vipimo vya mtaani kabla ya msimu kisha wanapeleka mzigo kwa majina yao. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwepo tangu 2007, kila mzigo unaoingia ghalani una karatasi yake.

Basi weka mhakiki kijana kutoka nje ya wilaya na binti wa mtu mwenye gunia mia moja na mkorosho usiozidi ekari mbili. Hapa katazo lina sababu safi kabisa: akimpenda, hesabu yake haiaminiki tena na kijiji kizima kinachosubiri malipo kitalipa. Hakuna ukoo, hakuna dini, na bado hawezi kunywa chai nyumbani kwao.

Kosa la kuepuka ni kumfanya baba mtu awe jambazi. Mpe sababu. Aliyemuuzia kwa kangomba ni jirani aliyetaka ada ya mtoto mwezi wa Julai, wakati korosho bado ni maua. Baba alimwokoa, na akapata faida kubwa kwa kumwokoa. Yote mawili ni kweli.

Na hesabu ifanyie kazi. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Magunia 100 ni kilo 8,000, kwa bei ile ni shilingi milioni 26 na laki 4. Mhakiki akisimama kwenye shamba la ekari mbili anazidisha kichwani, binti anamtazama akizidisha. Hilo ndilo onyesho lenu la mapenzi. Midomo yake inatembea kimya kwenye namba, na binti anajua jibu kabla yake.

Kijana_wa_Nachingwea

Mkuu Ghala, hiyo naiandika, mniruhusu. Swali la mwisho: mwisho wake ufanyeje? Kila nikifika hapo naona njia mbili tu, waoane au mmoja afe.

SalfaYaAlfajiri

Kifo acha. Kifo kinamlipia kila mtu deni. Mjomba hajutii tena ila kwa kulia, mama wanapatana msibani, na mwandishi amepumzika. Njia nyingine mbovu ni kugundua kwamba kumbe si ndugu, Somoe aliokotwa hospitali. Hiyo inasema katazo halikuwa na maana tangu mwanzo, na kurasa zako zote za awali zinageuka kuwa kupoteza muda.

Mwisho mzuri unataka mtu achague, na uchaguzi wake ugharimu kitu ambacho tumekiona kwa macho. Rudi kwenye vitu vyako: kanga, bangili, ungo, meko. Kimojawapo kibadilike mahali.

Bi_DotiMoja

Kijana, nikupe mwisho mmoja wa mfano wa Nahodha uone namna ya kuutengeneza, kisha utafute wako.

Bibi amejibu "Sijui". Baba ameondoa ndiyo yake kwa tahadhari, bila ugomvi. Msimu umekwisha, korosho zimepimwa, Shaibu anarudi Lindi na basi la asubuhi. Usiwape wawili hawa mazungumzo ya kuagana, wala machozi stendi. Mama wawili wako jikoni pamoja, kwa hiyo meko yamesalimika na tunajua nani ameyalipia. Mjomba ndiye anayembebea Shaibu mfuko, kwa sababu ni mjomba na anampenda. Somoe anatoka na chupa ya chai ya safari, anasema: "Kaka, safari njema."

Shaibu anapokea kwa mikono miwili. Bangili mkononi mwa Somoe ni nyeusi tii. Hajaisugua. Mjomba ameiona, mama ameiona, na yeye ameacha waione. Basi linapiga honi.

Sentensi ya mwisho usiiweke kwenye hisia za mtu. Iweke kwenye chupa: kifuniko kimelegea, chai inamwagikia mguu wa Shaibu njia nzima mpaka Mtama, naye haikazi.

Kijana_wa_Nachingwea

Nimeelewa, Bi. Naanza na ungo wa bibi, korosho tano tano.